Kiraka wa gongo au kiraka wa glavu? Zobrist na Rojas mezani

Dada yangu anaishi Texas. Mwanawe ana miaka 15, anacheza besiboli shuleni, na nafasi yake ni shotistopu. Mwezi uliopita kocha wake alimwambia kwamba kuanzia msimu ujao atakuwa anamzungusha: leo besi ya pili, kesho ya tatu, keshokutwa huko nje kushoto. Mtoto kanuna. "Mjomba, si maana yake sina nafasi?" Mama yake, ambaye mpaka leo hajaelewa kwa nini mchezo huu hauna dakika, anataka jibu moja tu: akubali, au tumtafutie timu nyingine?

Kwenye simu tunakatana maneno, kwa hiyo nikasema nitaandika. Na kwa kuwa najua hayuko peke yake, naandika kwa kila mzazi ambaye mtoto wake kaambiwa hivyo hivyo.

Kwanza jina. Sisi wa mpira wa miguu tunalo tayari: kiraka. Erasto Nyoni aliitwa hivyo miaka yote ya Simba na Taifa Stars, maana leo yuko beki wa kati, kesho beki wa pembeni, siku nyingine kiungo. Ni sifa, lakini ina mwiba ndani yake. Kiraka kinaziba tundu, na hakuna aendaye dukani kununua kiraka kabla ya kununua shati. Huo mwiba ndio mpwa wangu ameusikia.

Sasa uwanja. Ndani wanasimama wanne: besi ya kwanza, besi ya pili, besi ya tatu, na shotistopu, anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Wapigaji wengi ni wa mkono wa kulia, na mpira wao unapenda kwenda upande huo, basi shotistopu ndiye mwenye kazi nzito kuliko wenzake: aukimbilie, aukote, arushe mbali mpaka besi ya kwanza kabla mpigaji hajafika. Huyo akiweza, besi ya pili ataiweza, na ya tatu pia. Wa besi ya kwanza ukimpeleka shotistopu, mtacheka au mtalia. Lishike hilo, nitalirudia.

Na hesabu ya kikosi. Katika MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, timu inabeba wachezaji 26, na warushaji (wale wanaomrushia mpigaji mpira) wasizidi 13. Timu nyingi huwabeba hao 13 wote, wanabaki 13 wengine. Tisa wanaanza mechi, akihesabiwa humo yule mpigaji maalumu asiyeshika glavu. Benchi wamekaa wanne. Mmoja lazima awe mdakaji wa akiba, kwa sababu mdakaji akiumia huwezi kumweka mtu yeyote tu pale nyuma. Wanabaki watatu, na nafasi za kuzibia ni saba: nne za ndani, tatu za nje. Watu watatu kwa nafasi saba. Hapo ndipo kiraka anapopata ajira, na ajira yenyewe si haba: mshahara wa chini kabisa wa MLB mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000 kwa msimu, hata kama kazi yako ni kutafuna mbegu za alizeti benchi.

Lakini viraka ni wa aina mbili, na watu huwachanganya. Kuna anayezungushwa kwa sababu kocha hataki gongo lake likose hata mechi moja, kwa hiyo anamtafutia mahali pa kusimama. Na kuna anayewekwa kikosini kwa sababu glavu yake inaaminika popote, hata siku gongo lake limelala. Nimewachagua wawili, mmoja kwa kila aina, kwa sababu safari zao zimeanza sawa kabisa kisha zikaachana.

| | Ben Zobrist | Miguel Rojas |
|---|---|---|
| Alizaliwa | Eureka, Illinois, 1981 | Los Teques, Venezuela, 1989 |
| Aliingiaje | Chuo. Houston Astros walimchagua raundi ya 6, 2004 | Alisajiliwa na Cincinnati Reds akiwa kijana, 2005 |
| Mechi ya kwanza MLB | Agosti 2006, Tampa Bay | Juni 2014, Los Angeles Dodgers |
| Anapiga kwa | Pande zote mbili | Kulia tu |
| Amecheza | Nafasi zote za ndani na zote za nje | Hasa zile nne za ndani |
| Ubingwa | 2015, 2016 | 2024, 2025 |

Piga hesabu ya umri. Wote wawili waliingia MLB wakiwa na miaka 25, na wote walikuwa mashotistopu. Miaka 25 kwa mchezo huu ni kuchelewa kidogo. Nyota wengi huwa wameshazoea ndege za timu wakiwa na 22. Mpwa wangu ana 15. Ana miaka kumi.

Zobrist: gongo lilipoamka

Huyu hakuna aliyekuwa anamtafuta. Alimaliza sekondari bila chuo kilichomtaka kwa ajili ya besiboli, akaenda kwenye mchujo wa kulipia, ada dola 50, na hapo kocha wa chuo kidogo cha Olivet Nazarene akamwona. Baadaye akahamia Dallas Baptist. Astros wakamchukua, kisha mwaka 2006 wakamuuza Tampa Bay.

Mwanzo wake huko ulikuwa mbaya, na wazazi wanaokata tamaa mapema wausome vizuri. Msimu wa kwanza wastani wake wa kupiga ulikuwa .224. Wa pili .155, yaani katika kila mara mia alizokwenda kupiga alifanikiwa kama mara kumi na tano. Kwa shotistopu wa glavu ya kawaida, namba hiyo inakurudisha ligi ndogo, na ndiko alikorudi. Aliutengeneza upya mtindo wake wa kulizungusha gongo. Mwaka 2008 alirudi na kupiga homurani 12 katika mechi 62 tu (homurani ndiyo ile mpira ukivuka uzio, kila mtu anarudi nyumbani, yaani besi ya mwisho inayoleta alama, anatembea).

Kocha wake, Joe Maddon, sasa akawa na tatizo tamu. Shotistopu alikuwapo mwingine. Besi ya tatu alikuwapo Evan Longoria, na huyo hagusiki. Basi akaanza kumzungusha Zobrist, besi ya pili leo, nje kulia kesho, akampachika na jina la utani, "Zorilla". Mwaka 2009 alipiga .297, homurani 27, akachaguliwa timu ya nyota. Kwa vipimo vya wanatakwimu, vinavyojumlisha gongo, glavu na mbio, alikuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa ligi nzima mwaka ule. Kiraka! Wenye timu nyingine walikuwa bado wanamsoma kwenye karatasi kama mchezaji wa akiba.

Tampa Bay hawakuwa wajinga. Mwaka 2010 wakamfunga kwa mkataba wa dola milioni 18 kwa miaka minne, na kipengele cha kuwaruhusu wao kuurefusha miaka miwili zaidi. Kwa kijana aliyekuwa anapiga .155 miaka mitatu nyuma, ni baraka. Kwa mchezaji wa kiwango kile, ilikuwa bei ya chee. Hii ni gharama ya ukiraka ambayo haisemwi sana: soko linakuchelewa. Mtu mwenye nafasi moja analinganishwa na wenzake wa nafasi hiyo, bei inajulikana. Wewe unalinganishwa na nani?

Soko lilimfikia Desemba 2015, akiwa na miaka 34, ametoka kubeba ubingwa na Kansas City Royals. Chicago Cubs walimpa dola milioni 56 kwa miaka minne. Umri huo mashotistopu wengi wanaanza kutafutiwa kazi ya ukocha. Yeye alilipwa kwa sababu miguu ikichoka kwa besi ya pili, bado kuna nje kushoto.

Na ndivyo ilivyokuwa, tena mapema. Walimwajiri kwa besi ya pili. Kufika Oktoba 2016 Javier Báez, kijana mwenye mikono ya mazingaombwe, alikuwa ameitwaa besi hiyo. Zobrist hakununa. Akasogea nje kushoto, akacheza World Series nzima kule, yaani fainali ya MLB, ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda mechi nne kati ya saba. Mechi ya 7, Cleveland, sare 6–6, mvua imesimamisha mchezo dakika 17, awamu ya 10 (awamu ni zamu ya kila timu kupiga, kwa kawaida tisa; sare ikibaki, wanaendelea). Wenyeji wakaamua kumpa Anthony Rizzo wa Cubs besi ya bure ili wakutane na Zobrist. Akaupiga mpira chini, ukapita pembeni ya besi ya tatu hadi kona ya kushoto, mkimbiaji akafika nyumbani. Cubs wakashinda 8–7, ubingwa wao wa kwanza baada ya miaka 108, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikaenda kwa mtu ambaye nafasi yake ilikuwa imechukuliwa.

Nimemwambia mpwa wangu aitazame hiyo video, hasa sehemu ya baada ya kufika besi ya pili, anavyoruka kama mtoto.

Rojas: anayesubiri

Ukimweka Zobrist pembeni ya Rojas, la kwanza unaloliona ni mwili. Zobrist ana karibu mita 1.90. Rojas ni mita 1.80 hivi, mwembamba, na hata gongo likiwa na siku njema halitishi mtu. Alikaa ligi ndogo kwa miaka mingi, Reds wakamwacha, Dodgers wakamwokota. Alipopanda Juni 2014, kilichompandisha ni glavu.

Haikuchukua wiki mbili kuonekana. Tarehe 18 Juni 2014 Clayton Kershaw alikuwa anawarushia Colorado Rockies, na hakuna aliyekuwa amefika besi kwa kumpiga. Awamu ya 7, Troy Tulowitzki akauchapa mpira kuelekea mstari wa besi ya tatu. Pale alikuwa amesimama Rojas, shotistopu kwa kuzaliwa, akiwa kwenye nafasi isiyo yake. Akaudaka upande wa nyuma ya mkono, akarusha mbali mpaka besi ya kwanza, mpigaji akatolewa. Kershaw akamaliza mechi bila mpigaji hata mmoja kufika besi kwa pigo. Jina lililoandikwa ni la Kershaw, kama inavyopaswa. Wachezaji wenzake wanajua.

Desemba ile ile akauzwa Miami Marlins katika biashara iliyohusisha watu kadhaa. Miongoni mwa waliokwenda upande wa pili, Miami kwenda Los Angeles, alikuwa Kiké Hernández wa Puerto Rico, naye kiraka. Viraka viwili vilipishana njiani. Kumbuka jina hilo.

Miami alidumu mpaka 2022, akapanda kutoka akiba mpaka shotistopu wa kudumu, na mkataba wake mnono kule ulikuwa kama dola milioni 10 kwa miaka miwili. Weka namba hiyo pembeni ya milioni 56. Tofauti hiyo ndiyo bei ya gongo. Glavu wanaisifu wote, lakini cheki kubwa zinaandikiwa gongo.

Januari 2023 Dodgers wakamrudisha kuwa akiba. Februari, Gavin Lux, aliyepangwa kuwa shotistopu, akaumia goti mazoezini, msimu wake ukaisha kabla haujaanza. Rojas akaingia. Mwaka 2024 wakamjaribu Mookie Betts, nyota wa uwanja wa nje kulia, awe shotistopu. Juni Betts akavunjika mkono. Rojas akaingia. Mwaka 2025 Betts akapewa nafasi moja kwa moja, na mmoja wa waliokaa naye mazoezini kumfundisha namna ya kukanyaga na kurusha ni huyo huyo Rojas, mtu aliyekuwa anamfundisha mwenzake kumnyima kazi. Mimi sijui kama ningeweza.

Halafu ikaja World Series ya 2025 dhidi ya Toronto. Rojas alikuwa benchi kwa sehemu kubwa. Mechi ya 6 Dodgers wako nyuma kwa mechi mbili kwa tatu, kocha Dave Roberts akamwanzisha besi ya pili. Awamu ya 9, Toronto wana watu besi ya pili na ya tatu, mpira ukapigwa chini chini kuelekea nje kushoto. Aliyekuwa kule: Kiké Hernández. Akakimbia mbele, akaudaka, akaurusha papo hapo besi ya pili kwa mkimbiaji aliyekuwa ametoka mbali. Mpira ukadunda miguuni kwa Rojas, ukanasa kwenye glavu. Wawili wametolewa kwa pigo moja, mechi imekwisha. Vile viraka viwili vilivyopishana 2014.

Usiku uliofuata, mechi ya 7. Dodgers nyuma 4–3, awamu ya 9, wakitolewa wapigaji wawili tu zaidi, mechi imekwisha. Rojas, ambaye mwaka mzima alikuwa na homurani 7, akaupeleka mpira wa Jeff Hoffman, mrushaji wa Toronto, nje ya uzio wa kushoto. Sare. Toronto wakaingia kupiga, wakajaza besi zote, mmoja tu ametolewa. Mpira ukaja kwa Rojas. Akayumba, karibu aanguke, akarusha nyumbani. Mkimbiaji akatolewa kwa unywele tu. Waamuzi waliirudia picha. Na mkimbiaji huyo alikuwa nani? Isiah Kiner-Falefa, kiraka mwingine, aliyeingizwa akimbie tu. Dodgers wakashinda 5–4 katika awamu ya 11.

Najua hadithi hii inavutia mno, na ndiyo sababu naitilia shaka kama ushauri. Usiku mmoja wa aina hiyo huja kwa wachache. Maisha ya kila siku ya kiraka wa glavu ni mechi mia moja za kukaa, kupasha mwili awamu ya 6, na kurudi kukaa.

Mizani inaegemea wapi

Njia ya tatu ipo, ile anayoililia mpwa wangu: nafasi moja mpaka mwisho. Ozzie Smith hakuwahi kucheza kitu kingine MLB ila shotistopu, akachukua Glavu ya Dhahabu, tuzo ya anayedaka na kurusha vizuri kuliko wote katika nafasi yake, miaka 13 mfululizo, 1980 hadi 1992, na yuko kwenye Ukumbi wa Watu Mashuhuri tangu 2002. Nzuri sana. Ila njia hiyo inafunguka pale tu ambapo hakuna aliye bora kuliko wewe kwenye nafasi yako, katika timu yako, kila mwaka. Kwa wengine wote, kung'ang'ania nafasi moja ni kungoja aliye mbele aumie.

Zamani ukiraka haukuwa na hata kombe. Tangu 2022 kuna Glavu ya Dhahabu ya viraka, mmoja kwa kila moja ya ligi mbili zinazounda MLB. Mauricio Dubón wa Honduras ameshaichukua mara mbili, 2023 na 2025. Zobrist alikuwa ameshaacha kucheza.

Kasoro moja nisiifiche. Kiraka kijana ndiye rahisi kupandishwa na kushushwa. Kwa miaka mitatu ambayo timu inapewa ruhusa ya kumshusha, inaweza kumrudisha ligi ndogo hadi mara tano kwa msimu bila kumuuliza. Nyota aliyekuwa majeruhi kapona, anahitaji nafasi yake, anayefungasha begi ni yule wa benchi. Mwenye mke na mtoto mchanga ajue hilo.

Sasa jibu langu, mwanangu. Njia ya Zobrist huwezi kuichagua leo. Ile inachaguliwa na gongo, na gongo lako, nimeziona video alizonitumia mama yako, bado ni la .224. Linaweza kuamka ukiwa na 20, linaweza kuamka ukiwa na 27 kama lake, linaweza lisiamke. Ya Rojas unaweza kuianza Jumatatu. Mikono unayo, miguu unayo. Mwambie kocha ndiyo kwa besi ya pili na ya tatu. Kwa nje kushoto pia ndiyo, ingawa nje utajifunza kusoma mpira wa juu, na huo una adabu zake.

Lakini omba jambo moja, kwa heshima: mazoezini, mipira yako ya kuokota ya kila siku uendelee kuiokota pale pale shotistopu. Zobrist alianzia pale, Rojas alianzia pale. Kutoka pale unaweza kwenda kokote; ukiondoka kabisa, kurudi ni kazi. Na ukiweza, anza kupiga kwa kushoto pia. Miaka 15 bado hujachelewa, ila utaonekana kituko miezi sita.

Timu msihame. Kocha asiyekuona hakuzungushi, anakukalisha.

Dada kaisoma rasimu. Hakuuliza lolote kuhusu Zobrist wala Rojas. Ameuliza kama kweli glavu ya ndani ya inchi 11 na nusu haiwezi kutumika nje, wanakovaa ya 12 na nusu na zaidi. Nimemwambia haiwezi, ni fupi, mpira utampita. Akanyamaza kidogo, kisha: "Kwa hiyo ukiraka wenyewe unaanza na glavu ya pili. Mjomba mtu, utachangia shilingi ngapi?"